Kuoanisha kadi na king'amuzi: soma namba kwenye skrini

Wiki moja nililetewa ving'amuzi viwili vya aina moja, vyote vimekufa upande wa umeme. Nikavifungua pamoja, nikang'oa kapasita zilizovimba, nikatia mpya, nikavijaribu vikiwa wazi, vikawaka. Nikavifunga, kila mwenye chake akaja kuchukua. Jioni simu ikaita.

"Fundi, kimewaka, lakini kinaniambia kadi hii si yake."

"Mama, umeingiza kadi ileile ya zamani?"

"Ileile. Sina nyingine."

Nikamwambia apige huduma kwa wateja ya kampuni ya televisheni waoanishe upya, yaani waifanye kadi ifanye kazi na king'amuzi hicho kimoja tu, awasomee namba iliyo kwenye kibandiko chini ya king'amuzi. Akapiga, wakaoanisha, chaneli hazikufunguka. Kesho yake akapiga tena, akajibiwa kwamba kwenye mfumo wao kadi na king'amuzi ni mke na mume tayari, tatizo liko kwake. Akanipigia mimi, safari hii bila salamu. Nikaenda. Nikaingia kwenye menyu, ukurasa wa taarifa za mfumo, nikakiegemeza king'amuzi ukutani ili kibandiko kionekane, nikalinganisha namba ya skrini na namba ya kibandiko tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa namba mbili tofauti. Nilikuwa nimechanganya magamba: bodi ya mama imo ndani ya gamba la mtu mwingine, na gamba lake limebeba bodi ya huyo mwingine. Yule wa pili hakuwa amelalamika kwa sababu hakuwa amelipia mwezi. Niliporudisha bodi zote mahali pake, kadi ya mama ikafungua chaneli palepale, na hakuna aliyepigiwa simu.

Mteja alikuwa sahihi, wale wa huduma kwa wateja walikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Basi nitaeleza kazi hii kwa mpangilio ninaoufuata sasa: kwanza kinachofanyika ndani, kwa sababu ukikielewa hutababaika na ujumbe wowote wa skrini, kisha hatua zenyewe.

Ndani kunafanyika nini

Picha ya televisheni ya kulipia inashuka kutoka satelaiti ikiwa imevurugwa. Mbinu ya kuivuruga iliyoenea zaidi kwenye matangazo ya DVB, yaani viwango vya televisheni ya kidijitali, inaitwa CSA, iliyokubaliwa mwaka 1994. Ufunguo wake ni baiti 8, yaani biti 64, na baiti mbili kati ya hizo ni jumla ya kuhakiki tu, yaani zinakokotolewa kutoka kwa zile nyingine, hivyo siri halisi ni biti 48. Kwa kompyuta za leo hicho si kitu kikubwa. Kinachoiokoa ni kwamba ufunguo haukai: kila baada ya sekunde 10 hivi unatupwa, unakuja mwingine. Lipo pia toleo jipya, CSA3, lenye ufunguo wa biti 128.

Ufunguo mpya unasafiri pamoja na picha, lakini umefungwa ndani ya ujumbe uitwao ECM. King'amuzi hakiwezi kuufungua ujumbe huo. Kinaukabidhi kwa kadi. Kadi ni kompyuta ndogo kamili, ina kumbukumbu yake na siri zake, na imeshapokea kutoka kwa kampuni ujumbe wa aina nyingine, EMM, unaosema mwenye kadi hii amelipia kifurushi gani na hadi lini. Kadi inaangalia: chaneli hii imo? Muda haujaisha? Ikiridhika inaufungua ECM na kukirudishia king'amuzi zile baiti 8. Ikikataa, unaona skrini nyeusi yenye maandishi.

Unaweza kuyaona haya kwa macho. Kwenye baadhi ya ving'amuzi vya zamani, chomoa kadi picha ikiwa inacheza, kisha hesabu polepole. Mtangazaji anaendelea kusoma habari kana kwamba hakuna kilichotokea. Moja, mbili, tatu, nne... halafu ghafla uso wake unaganda mdomo ukiwa wazi. Zile sekunde ulizohesabu ni umri uliobaki wa ufunguo ambao king'amuzi kilikuwa nao mkononi. Vipya vingi vina swichi ndogo mlangoni mwa kadi na hukata papo hapo, kwa hiyo usihangaike navyo.

Sasa tazama mwanya ulipo. Uso wa chipu ya kadi una vibati vya rangi ya dhahabu, sita au vinane. Kimoja kinaleta umeme, kimoja saa, kimoja cha kuianzisha kadi upya, kimoja cha ardhi, na kimoja tu ndicho kinachopitisha mazungumzo yote kati ya kadi na king'amuzi. Kama zile baiti 8 zinapita pale zikiwa uchi, anayetega waya pale anazisoma. Akishazisoma anazirusha kwenye intaneti, na kila king'amuzi kilichorekebishwa kinachozipokea kabla muda wake haujaisha kinafungua chaneli ileile. Baiti 8 kila sekunde 10! Hata laini ya intaneti inayokwama kufungua picha ya pasipoti inazibeba. Hahitaji kunakili kadi wala kuivunja. Kadi moja halali, iliyolipiwa kihalali, inalisha mtaa.

Zamani vita vilikuwa juu ya kadi yenyewe: watu waliandika upya kumbukumbu ya kadi ili ijione imelipiwa kila kitu. Nchini Marekani, Jumapili ya tarehe 21 Januari 2001, wiki moja kabla ya fainali ya mpira wao mkubwa, kampuni ya DirecTV ilituma kupitia satelaiti ujumbe ulioharibu kadi za namna hiyo kwa wingi, na waliozifungua kuzichunguza walikuta mwanzoni mwa kumbukumbu zimeandikwa baiti nane zinazosomeka GAME OVER. Ilikuwa kazi safi. Lakini dawa ile haimgusi mtu anayeshiriki ufunguo kwa intaneti, kwa sababu kadi yake haina kasoro yoyote.

Dawa ya huyu ndiyo kuoanisha. King'amuzi kinapotengenezwa kiwandani, ndani ya chipu yake kuu huchomwa siri ambayo ni yake peke yake na haiwezi kufutwa. Kampuni inajua siri hiyo inahusiana na namba gani ya king'amuzi. Ukiomba kadi yako ioanishwe, kampuni inaitumia kadi EMM yenye kuiambia: kuanzia leo, kila ufunguo unaoutoa uufunge tena kwa siri ya king'amuzi hiki. Baada ya hapo kinachopita kwenye kile kibati cha mazungumzo ni baiti zilizofungwa. Waya wa haramia unazisoma vilevile, ila hazimfai mtu, kwa sababu zinafunguka ndani ya chipu moja tu duniani.

Ving'amuzi vya mwanzo viliiweka siri hiyo kwenye kumbukumbu ya kawaida ya bodi, na wenye ujuzi waliinyofoa kutoka humo. Ndiyo maana vipya vinaifungia ndani ya chipu, na ufunguo wa picha unashuka kwa ngazi: siri ya chini kabisa inafungua ya pili, ya pili inafungua ya tatu, mpaka inafika kwenye sehemu inayonyoosha picha, na hakuna ngazi hata moja ambayo programu ya king'amuzi inaweza kuichungulia. Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilitoa maelezo ya ngazi kama hiyo mwaka 2010. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kwa kubadilisha programu tu atakifanya king'amuzi chako kipya kikubali kadi ya jirani, muulize ameifikiaje siri iliyo ndani ya chipu. Hatakuwa na jibu, atakuwa na bei.

Kabla hujampigia mtu simu

Anza na mawimbi. Najua umekuja hapa kwa ajili ya kadi, lakini ule ujumbe wa kuoanisha haupiti kwenye simu yako. Unashuka kupitia dishi, pamoja na picha. Dishi likiwa limetikiswa na upepo, ujumbe unaweza kufika umekatikakatika na kadi ikautupa. Fungua ukurasa wa mawimbi, na usiangalie nguvu peke yake. Nguvu inaweza kuwa juu huku ubora uko chini, kama redio inayopiga kelele kubwa ya mchanga. Ubora ndio wa kuutazama. Mstari wake ukicheza juu na chini kama pumzi ya mgonjwa, panda ukarekebishe kwanza. Mara nyingi utakuta ni maji yameingia kwenye kichwa cha waya, shaba imegeuka kijani.

Pili, hakikisha akaunti imelipiwa na haijakatwa. Ipo mifumo inayokataa kuoanisha akaunti iliyolala, na hata ule unaokubali, chaneli hazitafunguka, nawe utadhani umeshindwa kuoanisha. Nimewahi kukesha na tatizo ambalo lilikuwa deni.

Tatu, zima king'amuzi, ukitoe kwenye umeme, ndipo uiguse kadi. Ifute kwa kitambaa kikavu, laini. Vibati vikiwa na mafuta ya vidole, tumia pamba yenye spiriti kidogo sana, uache ikauke. Usiparuze kwa wembe wala karatasi ya msasa. Ile rangi ya dhahabu ni utando mwembamba mno, ukiutoa umeialika kutu. Kadi ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo ikiwa imepinda kwa kukaliwa kwenye pochi, vibati havitagusa vizuri hata uifute mpaka ing'ae. Iingize kwa upande ulioelekezwa na mchoro ulio mlangoni. Kwenye ving'amuzi vingi chipu inatazama chini na inatangulia ndani, lakini si vyote, na mchoro haudanganyi.

Washa. Subiri mpaka picha au maandishi yatulie. Sasa nenda kwenye menyu, utafute ukurasa wa taarifa za mfumo au za kadi. Chukua karatasi uandike namba mbili: ya kadi na ya king'amuzi. Ziandike kutoka kwenye skrini. Kibandiko kinaweza kuwa kimefutika, kimebandikwa juu ya kingine, au kipo kwenye gamba lililobadilishwa na fundi kama mimi. Skrini inaonyesha namba ambayo chipu yenyewe inaitaja. Usizihifadhi kichwani, wala usizisome huku umeinamia televisheni na simu ikiwa begani. Nane na tatu kwenye skrini ya zamani ni mapacha, na sifuri na herufi O pia. Piga picha kwa simu, kisha uandike kutoka kwenye picha ukiikuza. Ukimaliza, soma kwa sauti namba nne nne, mwenzako akufuatilie.

Kama kadi haisomeki kabisa, yaani sehemu ya namba ya kadi iko tupu, simama hapo. Hilo ni tatizo la vibati, la mlango wa kadi au la kadi iliyokufa, na hakuna ujumbe wa satelaiti utakaoliponya.

Kuoanisha kwenyewe

Weka king'amuzi kwenye chaneli ya kampuni hiyo, ile wanayokuelekeza. Mara nyingi ni chaneli yao ya matangazo au ya msaada. Sababu ipo: king'amuzi husikiliza ujumbe kwenye masafa kilikosimama, na si kila masafa hubeba kila ujumbe. Ukiwa kwenye chaneli ya bure ya mtu mwingine, unaweza kungoja mpaka kesho.

Halafu ndiyo upige simu, au uingie kwenye programu ya simu ya kampuni, au ile namba ya nyota na reli, wowote mlango waliokupa. Toa namba ya kadi na ya king'amuzi. Mwombe wa upande wa pili akurudishie alichokiandika, tarakimu kwa tarakimu, kabla hajabonyeza. Wengine huudhika, sijali. Kisha muulize mambo mawili: kadi hii imeunganishwa na king'amuzi kingine kwenye mfumo wenu? Na king'amuzi hiki kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine? Likiwepo jibu la ndiyo kwa lolote, mwambie atenganishe kwanza, ndipo aoanishe. Ndoa juu ya ndoa ndiyo inayoleta ile hali ya mfumo kusema tayari na skrini kusema bado.

Akisema ametuma, kazi yako ni kutofanya kitu. Acha king'amuzi kimewaka. Usikiweke kwenye hali ya kulala, usihamehame chaneli, usichomoe kadi kuipuliza. Ujumbe unazungushwa hewani pamoja na wa wateja wengine wote, zamu yako inakuja, inapita, inarudi. Mara nyingi dakika chache zinatosha. Nikiwa kwa mteja mimi huweka nusu saa, nikitumia muda huo kukaza vichwa vya waya nyuma ya televisheni. Nusu saa ikipita kimya, naomba watume tena mara moja. Kuomba mara tano mfululizo hakuharakishi zamu.

Namna ya kujua imekubali: usijaribu kwa chaneli ya bure. Hiyo itafunguka hata bila kadi, na mafundi wengi wameondoka nyumbani kwa watu wakiacha furaha ya uongo nyuma yao. Chagua chaneli ambayo imo ndani ya kifurushi kilicholipiwa na ambayo ilikuwa imefungwa. Ikifunguka, iache icheze dakika moja nzima, ufunguo ubadilike mara kadhaa. Kisha zima king'amuzi kabisa, uwashe tena, uitazame tena. Ikirudi, umemaliza.

Skrini inaposema

Kila kampuni ina namba zake za hitilafu, lakini maana zake ni chache. Ujumbe wa kukosa mawimbi hauihusu kadi hata chembe; rudi kwenye dishi. Ujumbe wa kuweka kadi, wakati kadi imo, ni vibati au umeiingiza kinyume. Ujumbe wa kadi isiyojulikana unaweza kuwa kadi ya kampuni nyingine, au uchafu uliofanya isomeke nusu. Chaneli imefungwa, hujalipia: ama kweli hujalipia, ama umelipia wakati king'amuzi kimezimwa na ujumbe wa haki yako ukapita hewani bila mtu wa kuupokea. Hapo ombi la kutumiwa upya linatosha, hakuna haja ya kugusa ndoa.

Ule wa kadi hii si ya king'amuzi hiki ndio wa kwetu. Ukiuona baada ya miaka ya amani bila mtu kubadilisha chochote, uliza watoto. Nyumba yenye televisheni mbili na kadi mbili zinazofanana rangi, kuna siku mtu atazitoa zote afute vumbi na kuzirudisha kinyume. Chomeka kila moja kwenye king'amuzi cha mwenzake kabla hujapiga simu popote. Ukipiga simu na kuziomba zioanishwe zilivyo, zitakubali, kisha siku wakizirudisha "mahali pake" tatizo linaanza upya. Mimi huandika kwa kalamu ya wino usiofutika tarakimu nne za mwisho za king'amuzi kwenye pembe ya kadi, mbali na chipu, na tarakimu nne za mwisho za kadi nyuma ya king'amuzi.

Lipo pia la kutatanisha: kadi imeoanishwa, imelipiwa, mawimbi mazuri, na chaneli moja tu ndiyo haifunguki. Hiyo si ya kuoanisha. Kuoanisha kukivunjika, zote za kulipia zinafungwa kwa pamoja. Moja ikikataa peke yake, angalia kifurushi.

Kubadilisha king'amuzi, kununua kilichotumika

Hapa ndipo watu wanapoumia. Radi inapiga, king'amuzi kinaungua, kadi inatoka nzima. Mteja ananunua kingine cha aina ileile, anachomeka kadi, anapata skrini nyeusi, anadhani ameuziwa kibovu. King'amuzi hakina kosa: kadi yake bado inafunga funguo kwa siri ya chipu iliyokwisha kuwa mkaa. Lazima kampuni iiambie kadi isahau ile ya zamani. Usitupe king'amuzi kilichoungua kabla hujaipata namba yake. Kama hakiwaki skrini huna, na hapo tu ndipo ninapokubali kibandiko, au risiti ya kununulia.

Sipendi namna mzigo huu unavyomwangukia mteja. Haramia mwenye kadi ishirini hupigi naye foleni kwenye simu ya huduma kwa wateja. Foleni ile imejaa akina mama waliounguliwa ving'amuzi. Kampuni ikitaka kuoanisha kusichukiwe, ifungue mlango wa mteja kujibadilishia mwenyewe, hata mara mbili tatu kwa mwaka. Anayeshiriki kadi mtaani anahitaji ving'amuzi vingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ruhusa ya kuhama kutoka kimoja kwenda kingine haimsaidii kitu.

King'amuzi kilichotumika, kinunue muuzaji akiwa mbele yako na mpige simu pamoja. Aseme yeye kwa sauti yake kwamba kiondolewe kwenye akaunti yake. Bila hivyo utakuwa umenunua kitu kinachowaka taa, kinachoonyesha menyu nzuri, na kisichoweza kuoa kadi yako kwa sababu kwenye mfumo ni mali ya mtu, pengine mwenye deni. Ukikuta muuzaji hataki kupiga simu hiyo, shika njia. Na kadi iliyotumika usiinunue kabisa, ukipewa bure pia iache.

Halafu yupo anayekuja na maneno matamu: nipe kadi yako siku moja tu nikaihuishe, itafungua chaneli zote. Kadi yako ambayo haijaoanishwa ndiyo anayoitafuta, kwa sababu ndiyo inayotoa funguo zikiwa uchi. Atakurudishia inafanya kazi vizuri mpaka siku kampuni itakapoona kadi moja inaulizwa maswali mengi kuliko televisheni moja inavyoweza kuuliza, na jina kwenye akaunti ni lako.

Swali ninaloulizwa sana na mafundi vijana ni kama kuoanisha kumewamaliza maharamia. Hapana. Wamehama. Wengi sasa hawagusi ufunguo. Wanaichukua picha yenyewe ikiwa imeshafunguliwa, kwenye waya unaotoka king'amuzi kwenda televisheni, na kuirusha kwenye intaneti. Kuoanisha hakuna la kusema juu ya hilo, kwa sababu king'amuzi, kadi na malipo vyote ni halali. Dhidi yao kampuni hutumia alama: tarakimu zinazojitokeza ghafla kwenye kona ya skrini wakati wa mechi, au alama zilizofichwa ndani ya picha ambazo jicho halizioni, zote zikitaja kadi au king'amuzi kilichotoa picha hiyo. Ukiona namba imetokea katikati ya mpira na kupotea, usinipigie simu. King'amuzi hakijaharibika.

Vipo pia ving'amuzi visivyo na mlango wa kadi kabisa. Kazi ya kadi imehamia ndani ya chipu, na kuoanisha kumekwisha kiwandani. Navipenda kwa uchache wa maneno, ila vikiungua vimeondoka na kila kitu, na akaunti inahamishwa kwa namba ya king'amuzi peke yake. Kanuni ya kusoma skrini haibadiliki.

Kuhusu yale magamba: siku hizi kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, nakata utepe wa karatasi, naandika tarakimu nne za mwisho kutoka kwenye skrini kama king'amuzi bado kinawaka, nakata mwingine wenye namba hiyohiyo, mmoja nabandika kwenye bodi na wa pili kwenye gamba. Kikiwa kimekufa naandika jina la mwenyewe kwenye tepe zote mbili. Nikishakitengeneza, hakitoki mezani mpaka nimekiwasha na kuona namba ya skrini inalingana na ya kibandiko. Yule mama bado ni mteja wangu. Kila nikimrudishia kitu chake anakigeuza chini, anakitazama, ananitazama mimi.